Akina Mumbere Sita na Kitabu cha Kahawa

Bunia, tarehe 9 Juni 1984

Papa mpendwa,

Ninaandika nikiwa mzima. Meno, macho na hamu ya kula vyote viko mahali pake. Usingizi tu ndio umepungua, na sababu yake utaipata ukisoma mpaka chini. Je, mgongo wako unakuacha ulale? Mama bado anakohoa asubuhi? Na Mbambu, ule mguu aliouumiza akishuka mtoni umepona, au anaendelea kuutumia kukwepa kazi? Wasalimie wote kwanza, halafu ukae. Nimempa Jérôme, dereva wa lori la maharage, barua hii mkononi na kumwomba akupe wewe mwenyewe. Tafadhali usiisome mbele ya wazee wa kanisa.

Habari njema kwanza. Mitihani imekwisha na nimefaulu. Jina langu lilibandikwa ukutani siku ya Jumatatu, na nilirudi kuliangalia mara nne, maana hapa kwetu kuona jina Mumbere ukutani hakutoshi kumpa mtu furaha. Diploma zitatolewa tarehe 30. Lakini hakuna anayepewa diploma bila quitus ya maktaba, yaani karatasi yenye sahihi na muhuri inayosema kwamba mtu huyu amerudisha vitabu vyote alivyoazima. Bila karatasi hiyo, Papa, miaka yangu mitatu ya Bunia ni sawa na matembezi. Na mimi karatasi hiyo sinayo.

Nikueleze jinsi maktaba yetu inavyofanya kazi. Kila mwanafunzi ana kadi yake kwenye droo ya mbao. Ukitaka kitabu, karani anaandika jina la kitabu kwenye kadi yako, anaiweka upande wa waliochukua, nawe unaondoka. Ni vitabu viwili kwa mara moja, siku kumi na nne, na ukitaka kuongeza muda unakwenda kusema. Karani ni Étienne, mtu wa upande wa Djugu, mpole, anayependa wasomaji kuliko anavyopenda vitabu. Ubaya ni kwamba kadi zenyewe zilichapishwa na mtu mwenye jina fupi. Nafasi ya jina haizidi urefu wa kidole. Unajua mwenyewe kwamba kwetu mtoto wa kwanza akiwa mwanaume ni Mumbere, hakuna majadiliano. Zamani jina la ubatizo lilitusaidia, lakini serikali ililitoa kwenye karatasi, na jina la ukoo haliingii kwenye kidole. Basi kwenye droo ile tulikuwa Mumbere, Mumbere, Mumbere, mara sita.

Étienne si mjinga. Alichukua kalamu ya risasi, na chini ya kila Mumbere akaandika alama yake. Kulikuwa na Mumbere Murefu, Mumbere wa Oicha, Mumbere Miwani, Mumbere wa Kwaya na Mumbere Anakohoa. Mimi nilikuwa Mumbere Viatu, kwa sababu ya viatu vyako vya kanisani ulivyonipa, ambavyo vinanizidi na vinapiga sementi mpaka wanaosoma wanainua vichwa. Sikukasirika. Kila mtu alijua kadi yake, na Étienne alikuwa na huruma kupita kiasi: Mumbere mmoja akija kuongeza muda, aliwaongezea wote sita, asije akasahau mtu.

Mambo yaliharibika mwezi wa kwanza, tulipopata mkuu mpya wa maktaba. Ndani ya jengo anaitwa citoyenne, yaani mwananchi, kama serikali inavyotaka, na nje tunamwita Mama Anastasie. Ni mwanamke mfupi, amefundishwa na masista, na vumbi likimwona linahama lenyewe. Siku ya pili alifungua droo, akakuta Anakohoa na Viatu kwenye kadi za chuo, akachukua kifutio akafuta yote. Alisema mtu wa chuo haitwi Viatu. Akabaki na kadi sita za Mumbere zisizo na alama, akaona huu ni uzembe wa karani kumfungulia mtu mmoja kadi sita, akazifunga pamoja kwa uzi. Étienne alikuwa likizo. Aliporudi hakuthubutu kusema.

Na nani alikuwa Mumbere wa kwanza kwenda kuomba quitus? Ni mwanao, anayependa kuwahi. Mama Anastasie alifungua uzi, akahesabu, akanitazama toka viatu mpaka nywele. Akaniambia: “Weye njo Mumbere? Basi ukuje na mabuku yote kumi na moja. Unasomaka sana, lakini haurudishake.” Nilijaribu kueleza. Akasema yeye hasomi uso, anasoma kadi. Nilimgeukia Étienne anitetee. Alisema polepole, akiangalia dirisha: “Miye niliandikaka muzuri. Njo ile kifutio.” Alinyamazishwa kwa jicho.

Basi, Papa, nilianza kuwatafuta watu wenye jina langu. Miwani, Anakohoa na wa Oicha walikuwa hapa mjini, na kwao nilipata vitabu sita bila shida. Cha saba na cha nane vilikuwa Nyankunde, ambako Mumbere wa Kwaya alikwenda kufundisha kwa majaribio akavisahau. Nilipanda gari la wagonjwa waliokuwa wakienda hospitali, nikafika kwa mjane aliyempangisha, Mama Hortense. Kimoja kilikuwa kizima. Kingine, kinene, cha historia ya Warumi, kilikuwa kinakandamiza jibini. Mama huyo alinishangaa kwa dhati. Alisema kwa uzito ule hakuna jiwe linalotoa maji vizuri hivyo, na kwamba kama chuo kina vingine vya namna hiyo, angechukua viwili. Nilikianika juani siku mbili. Warumi mpaka leo wananuka maziwa.

Cha tisa na cha kumi viliniumiza zaidi. Mumbere Murefu anafundisha Kpandroma sasa, na huko amempenda msichana anayeitwa Adeline, binti wa mzee mmoja mwenye mashamba ya viazi. Siku alipokwenda kujitambulisha hakuwa na kitu cha kuweka mezani. Akaweka vitabu viwili vya maktaba. Mzee aliona majalada mazito na herufi za dhahabu, akavipokea kama neno la mwanaume, akavifungia sandukuni. Nilipofika kuvidai, mzee alikunja uso akauliza kama mkwe amebadili nia. Murefu alijificha nyuma yangu. Kurudisha vitabu ni kuvunja uchumba, na kuviacha ni kupoteza diploma yangu. Tulikaa mpaka viazi vikaiva, tukala, tukakaa tena. Mwishoni mzee alikubali kubadilisha, lakini kwa kitu chenye heshima ileile. Papa, nimeacha suti yangu ya abacost Kpandroma, ile ya kijivu uliyonishonea kwa ajili ya siku ya diploma. Nimeshasema. Hilo si kubwa, kubwa liko mbele.

Nilikuwa sasa na vitabu kumi. Cha kumi na moja kilikuwa kitabu cha magonjwa ya mkahawa, tome ya kwanza, yaani juzuu ya kwanza, chenye picha za rangi. Mama Anastasie alisema kumi si kumi na moja. Tena alikuwa amekwisha kuelewa kwamba tuko watu sita, na badala ya kutuhurumia akaamua kwamba mpaka kitabu hicho kirudi, hakuna Mumbere hata mmoja atakayepata quitus.

Tulikutana sisi sita chumbani kwangu, Murefu akiwa ameshuka na lori la viazi. Walinichagua mimi kuongoza mkutano, kwa kuwa nilikuwa nimetembea sana. Niliomba kila mtu aape kwamba hakukichukua kitabu hicho. Niliapa wa kwanza, kwa sauti, mkono juu ya Agano Jipya la Mumbere wa Kwaya. Wengine wakafuata. Kisha Miwani akasema kikulacho ki nguoni mwako, na macho yote yakamgeukia Mumbere wa Oicha, maana ndiye peke yake anayesoma biolojia. Nani mwingine angetaka magonjwa ya mkahawa? Yule kijana aligeuza mifuko yake, akafungua sanduku lake mbele yetu, akatoa mpaka nguo za ndani. Hawakumwamini. Siku tatu hakuna aliyekula naye. Siku ya nne nilimkuta nyuma ya bweni amekaa peke yake, akaniuliza kama hata mimi namwona mwizi. Nilimwambia hapana. Ndiyo kweli pekee niliyosema wiki ile.

Nadhani umekwisha kuelewa, Papa, lakini acha niseme kwa kinywa changu. Krismasi ya mwaka juzi nilikuja nyumbani mikono mitupu, na mimi ndiye mtoto uliyemsomesha kwa kahawa yako. Mikahawa ilikuwa inaugua, nawe ukanionyesha majani yenye madoa kana kwamba mimi ni daktari. Nilitaka kukupa kitu. Nilikifunga kitabu hicho kwa karatasi ya dukani nikakuambia nimekununulia Bunia. Ulipofungua ukaona muhuri wa buluu ukauliza ni wa nini. Nilikujibu ni muhuri wa duka. Ulifurahi ukawaita majirani, na mimi nikala kuku wa pongezi. Nilidanganya. Kitabu ni cha maktaba, niliyekichukua ni mimi, na yule wa Oicha aliteseka kwa ajili yangu nami nikanyamaza.

Ningeendelea kunyamaza, nakiri. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikatwa na wewe mwenyewe. Alhamisi Mama Anastasie alituita wote sita, akatusimamisha kwa mstari mbele ya meza, akavaa miwani yake akatoa barua. Nilifahamu mwandiko kabla hajafungua mdomo. Ni barua yako, Papa. Ulikuwa umenakili anwani kutoka kwenye ule muhuri, ukaliandikia “duka”.

Aliisoma yote, kwa sauti, bila haraka. Ulivyoshukuru duka kwa kumuuzia mwanao kitabu kizuri. Ulivyoeleza kwamba hukusoma zaidi ya mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na kwamba katekista anakutafsiria Kifaransa kila Jumapili baada ya ibada, ukurasa mmoja mmoja. Ulivyofuata maneno ya ukurasa wa sitini na tatu, ukakata matawi, ukachoma majani, na mistari minane ya mikahawa ikapona. Kwamba sasa ugonjwa umehamia kwenye matunda, nacho kitabu kinasema habari za matunda ziko katika tome ya pili. Kwa hiyo unaomba duka likuuzie hiyo pia, na limpe mwanao Mumbere, kijana mwaminifu. Hapo kwenye “mwaminifu” alisimama kidogo, akanywa maji.

Hakuuliza ni yupi kati yetu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyako. Nilitoka kwenye mstari, nikasema ni mimi, nikageuka nikamwomba radhi Mumbere wa Oicha mbele ya wote. Akasema: “Kaka, siku tatu nilikula peke yangu. Utanipikia siku tatu.” Ndiyo maana mikono yangu inanuka samaki leo. Ni siku ya pili.

Nilingoja Mama Anastasie anifukuze. Akatoa kadi mpya. Alisema kwamba kadi haikusema uongo: iliandikwa kwamba kitabu kiko kwa Mumbere, na kitabu kiko kwa Mumbere, yaani wewe, mzaliwa wa kwanza wa babu yangu. Alisema tena kwamba miaka kumi na tisa anaazimisha vitabu, na hajaona msomaji aliyemwandikia ukurasa gani ulimsaidia. Halafu akaandika kwa wino “Mumbere”, akafikiri, akaangalia mlangoni, akachukua kalamu ya risasi ya Étienne. Chini yake akaandika kwa herufi ndogo “Ambroise, mkulima, Musienene”. Yeye aliyetufutia majina yetu yote. Étienne aliinama kutafuta kitu sakafuni ili acheke.

Wale watano amewapa quitus zao palepale. Yangu ameiandika na muhuri ameupiga, lakini ameifungia kwenye droo. Sharti lake ni moja: tome ya kwanza irudishwe na mikono iliyoisoma. Tome ya pili ameitoa kwenye rafu na kuiweka kando, na hatampa mtu mwingine. Nilimwambia una mgongo. Alijibu kwamba mgongo unaoinama kwenye mistari minane ya mikahawa utakaa kwenye lori. Jérôme anarudi huku tarehe 26, amekubali kukuweka mbele, karibu na dirisha.

Njoo, Papa. Najua umeandika mle ndani, kwenye ukurasa wa kwanza, siku tulizozaliwa sisi wote. Usizifute, nimeshamwambia Mama Anastasie. Njoo na abacost yako, tutavaa kwa zamu, mimi wakati wa diploma, wewe wakati wa picha. Viatu nitakurudishia, hapa sementi inakungoja. Na kama una hasira, na ni haki yako, njoo nayo kwenye lori. Sitajitetea.

Kuna jambo moja la mwisho. Msomaji asiyekuwa wa chuo lazima awe na mtu wa kumjibia akichelewesha kitabu. Miaka yote wewe ndiye uliyetia sahihi kwenye karatasi zangu, toka shule ya msingi. Jana nilitia yangu kwenye yako. Ni siku kumi na nne, Papa. Étienne ameahidi kukuongezea.

Mpe Mama mikono yangu miwili, mwambie Mbambu mguu umepona. Katekista mwambie tome ya pili ina kurasa mia mbili na kumi, ajiandae.

Mwanao na mdhamini wako,

Mumbere (Viatu)