Kompyuta ya Kaltun Imepata Mbio

Garissa, Juni 1994

Basi ile kompyuta haikuuzwa, Idman mwanangu. Kaka yako Rage amerudi Hulugho mikono mitupu na amenuna. Kaltun anayenichapia hapa ananiambia, ayeeyo, bibi yangu, barua inaanza na salamu, haianzi na Rage. Haya. Assalaam aleikum. Uko mzima? Mume wako mzima? Huko Banissa mvua ilinyesha, mbuzi wameshiba? Sisi hapa alhamdulillahi, ni joto tu na hili goti langu. Mtafute yule mwalimu akusomee, maana binti yako Kisomali hajui kukiandika, shule walimfundisha Kiswahili, na mimi Kiswahili yangu ni ya soko la mifugo.

Unajua vile Rage alimnunulia Kaltun hiyo mashine akae nayo kwa duka langu, achapie watu barua na kadi za harusi. Mashine ilikuwa mzee kuliko mimi. Ukiiuliza kitu, huko ndani inakwaruza krr, krr, kama mtu anasaga mtama, na watu wanangoja. Mimi kungoja kwao nilipenda, nilikuwa nawapikia chai nawapigia hadithi. Ile ya ngamia wa marehemu baba yako aliyeingia msikitini walicheka mpaka wakamwaga chai. Lakini wateja walianza kukimbilia yule mzee wa taipu kule stendi. Rage akaja, akasema ngamia gani hii, maziwa haitoi na kutembea haiwezi, Jumamosi anaiuza, na Kaltun arudi kwenu kuchunga. Mtoto akaiacha chai yake hapo hapo.

Sasa kuna kijana anaitwa Guleid, mtoto wa watu wazuri, anatengeneza kompyuta za ofisi moja ya misaada huko Dadaab. Kila Alhamisi alikuwa anakuja na karatasi moja Kaltun amchapie, anangoja mpaka alasiri. Nilikuwa najiuliza, mtu ofisi yake imejaa kompyuta, anakula vumbi ya njia yote hiyo kwa karatasi moja? Basi Rage akisema maneno yake, Guleid alikuwa amekaa pale, akasikia yote. Akatoa disketi kwa mfuko wa shati, akaiingiza, akabonyeza-bonyeza, akazima, akawasha. Wallahi, Idman, ile kusaga ikanyamaza. Kitu Kaltun alikuwa anangoja mpaka chai inapoa, kilikuja kabla sijamimina.

Nikasema hii ni jini. Kaltun akasema si jini, ni programu. Zamani kila kitu mashine ilikuwa inakifuata mbali kwa diski, kama mtu anafuata ngamia malishoni kila akitaka maziwa. Sasa vile vitu inaulizwa kila saa inaviweka karibu, kama mbuzi wa maziwa tunaowafunga hapa nyuma ya nyumba. Ila ukimaliza usizime haraka, kuna vitu bado imeshika haijapeleka kwa diski. Hiyo nilielewa. Hata Rage alielewa, alichapiwa barua yake ya kupeleka ng'ombe Nairobi, ikatoka akiwa bado amesimama. Akasema haya, ibaki, na mtoto abaki.

Lakini barua hii sababu yake ni nyingine. Kaltun alipoenda kuswali, nilimwambia Guleid, wewe kijana umejiharibia, sasa karatasi yako inatoka haraka, utakuja kungoja nini? Akaangalia chini. Akasema disketi hiyo alikuwa nayo mfukoni tangu Idi. Kila Alhamisi alisema leo nitampa, halafu mashine inaanza kukwaruza, Kaltun anageuza kiti kumwongelesha, na yeye disketi anaiacha palepale mfukoni. Mpaka aliposikia mtoto anarudishwa kwenu. Sasa anauliza, wazee wake wakija Banissa kwa baba yake Kaltun, watapokelewa?

Kaltun, mbona vidole vimesimama? Andika, barua ni yangu. Anasema, ayeeyo, na siku zote hizi ulikuwa umenyamaza! Mimi, kunyamaza! Nilikuwa natafuta mtu wa kuniandikia. Sasa amejifunika uso na shungi, mabega yanacheka.

Huyo ni jirani yetu Shamso anapiga kelele, lori ya maji imefika na mitungi yangu haiko kwa laini. Nakuja! Idman, ongea na mume wako vizuri, usiku akishashiba. Salimia wote. Ni mimi mama yako, Ardo. Kaltun nimemwambia jibu lake, Guleid anamtaka au hamtaki, aliandike hapa chini mwenyewe, asinionee haya, mimi kusoma sijui. Naenda.