Upawa Alioung'arisha Mama

Jumanne, 14 Oktoba
Kazini mapokezi ya hospitali mpaka saa kumi, basi la kurudi nyumbani, chai, kisha kabati langu. Vijiko kumi na tisa, birika, upawa wa supu. Vyote vya fedha, kazi ya Marekani, vimefuliwa kwa mkono zaidi ya miaka mia iliyopita. Nikipitisha kidole kwenye alama za nyundo namsikia marehemu baba dukani kwake Lamu, akifua fedha. Ko, ko, ko.

Mama ananicheka. Mavijiko yote hayo, na wali waula kwa mkono!

Anarudi Lamu Jumatatu. Miezi mitatu ya kunitembelea huku ughaibuni imepita kama mchezo.

Jumamosi naupeleka upawa kwenye mkutano wetu wa wakusanyaji wa vyombo vya kale. Weusi wake ndio fahari yake. Ukiuondoa, umeondoa miaka mia.

Alhamisi, 16 Oktoba
Ya Rabi. Mama kausugua upawa.

Majivu ya chetezo chake cha ubani, kayachekecha kwa kitambaa, na limau. Ati nitaaibika mbele za watu na chombo cheusi. Nimeuona unang'aa mezani, sikutazama mara ya pili. Nikafoka. Nimemwambia kaharibu kitu asichokijua. Mimi, kwa mama yangu mzazi!

Alikunja kitambaa, akaingia chumbani.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mama kashafunga masanduku. Kapika, hakula.

Nimeomba radhi mlangoni. "Haidhuru." Basi. Haidhuru ya mama naijua, ina kufuli. Ana miaka themanini na moja. Akiondoka na moyo huu, nitamwona tena lini? Naogopa. Hasira hasara, na huu mdomo wangu nao!

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimeupeleka upawa hivyo hivyo, uso sina. Mzee Walter, anayejua fedha kuliko sote, kaushika chini ya lenzi. Kaugeuza. Kaugeuza tena. Kauliza fundi wangu ni nani.

Weusi bado umo ndani ya nakshi, kila ua, kila jani. Palipong'aa ni pale palipoinuka tu. Walter kasema huo ni mkono wa miaka mingi, na hapa mjini hamjui mtu wa kufanya hivyo.

Nilimfokea bila hata kutazama.

Nikarudi mbio. Nikamuuliza mama kajifunza wapi. Kaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia utotoni nikirudi na kiatu mguu mmoja.

"Baba yako alikuwa akigonga. Ulidhani nani aking'arisha?"

Miaka thelathini kaifanya kazi hiyo. Asubuhi, sisi watoto tuko chuoni tunasoma Kurani. Watu walimsifu baba, naye mama kanyamaza. Mimi sikuuliza hata siku moja. Kwa vijiko vyote hivi namtafuta baba, na mama nimemkalisha chumbani analia peke yake.

Nimelia magotini pake. Kanipiga kikofi begani. Nyamaza, wali unaungua.

Tumekula sahani moja.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimemletea birika mwenyewe. Kanifundisha kushika kitambaa. Mkono mzito, kasema, kama wa baba yako. Tumecheka sana.

Jumatano, 22 Oktoba
Mama kafika salama. Kapiga simu, sauti nyepesi.

Nyumba imekuwa kubwa.

Leo mwenzangu wa zamu kakisifu kikuku changu cha fedha, cha harusi, kauliza kakitengeneza nani. Miaka yote jibu langu lilikuwa baba. Leo nimemwambia: baba na mama.