Namba 14 na Namba 41

Jumatatu, 2 Machi 1992
Mtaa wa Gikondo tena, bohari ya dawa. Nimefuta vumbi, nimewasha kompyuta. Programu ya kwanza niliyoiandika mimi, ya oda za zahanati. Skrini safi: pa kuandika namba ya dawa, pa kuandika idadi, basi. Naionea fahari. Mama Konsolata, mtunza bohari, haipendi. Alianza kazi hii kabla sijaingia shule, kwa fishi, kadi zake za karatasi ngumu.

Jumatano, 4 Machi
Nimemwelekeza jambo lile lile mara nne. Sauti yangu ilikuwa kali. Sikuipenda.

Alhamisi, 5 Machi
Kosa kubwa. Zahanati moja ya Kabeza iliagiza kwinini ya sindano. Wamepelekewa dawa ya minyoo. Muuguzi amefungua katoni huku mgonjwa wa malaria hajitambui kitandani. Wamemkimbiza hospitali.
Kwinini ni namba 14. Dawa ya minyoo ni 41. Mama Konsolata ameandika 41.

Ijumaa, 6 Machi
Mgonjwa yu hai. Ni mwalimu, mama wa watoto wawili. Dereva ndiye aliyeleta habari.
Bwana Fostini, mkuu wetu, anasema Mama Konsolata hawezi mashine. Barua ya kumwondoa itaandikwa wiki ijayo. Nilikuwepo. Sikumtetea. Mimi mwoga.

Jumamosi, 7 Machi
Nimekaa nyuma ya Mama Konsolata asubuhi nzima, nikitazama. Anasoma oda. Anageuka ukutani, nilikobandika orodha ya namba. Anarudi, anaandika. Kila dawa, lazima ageuke. Na skrini haimwonyeshi jina la alichochagua. Inameza tu.
"Hii mashini haiko inaniambia kitu," amesema, macho kwenye kazi. "Fishi yangu iko inaniambia."
Kosa ni langu.

Jumatatu, 9 Machi
Nimemwambia mkuu. Kosa ni la skrini yangu, si la Mama Konsolata.
"Unajua unachosema?"
"Najua. Barua iandikwe kwa jina langu."
Amenipa hadi Ijumaa nitengeneze skrini upya. Nikishindwa, tunaondoka wote wawili.

Alhamisi, 12 Machi
Umeme umekatika mara mbili. Haidhuru, tulikuwa tunachora kwenye karatasi. Penseli aliishika Mama Konsolata. Amefuta karibu vyote nilivyopenda. Sasa kuna majina kamili ya dawa, kwa mpangilio wa fishi zake. Kabla oda haijatoka, dawa na zahanati vinaonekana pamoja, na swali: ndivyo? Ametaka aandike "ndiyo" nzima. Herufi moja, anasema, kidole kinaweza kuteleza.
Kufutiwa kunauma. Lakini yuko sahihi.

Ijumaa, 13 Machi
Mkuu alisimama mlangoni. Mama Konsolata aliingiza oda ya Kabeza. Katika mstari mmoja alichagua dawa isiyo sahihi. Swali likatokea. Akasoma polepole, akarudi, akasahihisha. Mkuu akaondoka.
Jioni karani wa mkuu amesema hakuna barua yoyote ya kupigwa chapa.

Jumatatu, 16 Machi
Mvua. Zahanati tatu zimeleta oda, zote zimetoka kabla ya saa sita. Sikuitwa hata mara moja.
Mchana Mama Konsolata amenikatia nusu ya kiazi chake kitamu. Tumekula tukitazama maji yakishuka barabarani. Ameniuliza Kigoma nilikokulia kukoje, na kama mama yangu bado yuko huko. Nimemsimulia.