Nukta Tatu za Nang'ondo

Mjukuu wangu mpenzi Zuhura,

Shikamoo yako imefika hapa Makote, nami naiitikia marahaba kwa moyo wote. Mama yako mdogo amejifungua salama, na korosho zimeanza kuanguka.

Umeniuliza kama ile herufi ghaini ya Kiarabu, iliyotiwa nukta tatu chini kwa ajili ya sauti yetu ya ng', iliandikwa kweli au ni kosa la mkono, kwa kuwa wenzako wanaoingiza herufi kwenye kompyuta wanataka ushahidi.

Nilipokuwa msichana, mama yangu alijifunza kuandika ili ampelekee barua baba, aliyekwenda mbali kukata mkonge. Siku moja aliandika jina la baba kwa nukta tatu, na mwalimu wa chuo cha Kurani akazifuta kwenye ubao wake wa wino.

"Mama Somoe, Kiarabu hakina herufi hiyo."

"Hakina, Mwalimu, lakini mume wangu ni Nang'ondo. Nikimwandika vingine, barua ataipokea nani?"

Wanawake waliosoma naye wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akachovya kalamu, akazirudisha nukta zote tatu kwa mkono wake. Tangu hapo darasa zima likaandika hivyo.

Waambie wenzako kwamba haikuwa kosa. Ilikuwa herufi ya mtu aliyengojewa nyumbani.

Bibi yako,
Somoe Nang'ondo