Ubao wa Dama wa Chumba cha Mapafu

Jumatatu, 3 Oktoba 1983

Nimepangusa karata tena. Moja moja, kitambaa kikavu, halafu pudra kidogo ya watoto. Ziko hamsini na moja. Saba ya kopa ilipotea zamani, tunatumia kipande cha karatoni. Vumbi la volkano linakula karata kama musumeno. Wagonjwa wanacheza kwenye baraza, upepo unaleta vumbi, vidole vina jasho, karata zinavimba na kushikamana. Nimezibana kati ya vibao viwili na kuzifunga kwa mupira wa ndani wa gurudumu la kinga, la baiskeli.

Hii si kazi niliyoandikiwa. Nimeandikiwa kufagia, kubadilisha mashuka, kumwaga vikopo vya makohozi, kuangalia kila mutu anameza dawa. Lakini nani mwingine atafanya? Pakiti moja ya karata, ubao mumoja wa dama, wagonjwa kumi na sita wa mapafu. Na mutu anakaa hapa miezi.

Papa Bauma amemushinda Muzee Kambale mara tatu. Chumba kizima kilicheka. Nilicheka pia.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mvua asubuhi, jua muchana. Kazi ya sindano imekwisha mapema.

Hawa wawili. Bauma ni mufugaji wa Masisi, ngombe wake wako juu kwenye vilima. Kambale ni mufanyabiashara wa Butembo, amezunguka na malori tangu ujana, na mudomo wake haupumziki. Juma la kwanza hawakusalimiana. Sasa wakimaliza kula tu, wanaufungua ubao. Bauma anacheza na vifuniko vya bia vilivyolala chali, Kambale na vile vilivyolala kifudifudi. Kambale anasema kwa watu kumi. Bauma hasemi kitu. Anakula kete za mwenzake, anazipanga pembeni kama ndama.

Bauma ameisha kutoroka dawa mara mbili. Kila mara alijisikia vizuri, akarudi kwa ngombe, tukaletewa tena akiwa mifupa. Dokta alimuambia mbele yangu: ukiacha mara ya tatu, dawa haitakusikia tena. Amebakiza miezi miwili na zaidi.

Ninajua kinachomushika hapa. Si dokta. Ni ule ubao.

Ijumaa, 7 Oktoba

Siku mbaya. Kosa ni langu.

Sitwayeni Mbusa (serikali inataka tuseme sitwayeni, si bwana), munganga mukubwa, mukuu wa wauguzi wa jengo letu, aliamuru vitu vyote vitolewe juani ili jua liue vijidudu. Magodoro, mablanketi, na michezo pia. Ni haki yake. Nilitandika karata juu ya shuka. Ubao niliulaza juu ya mawe ya volkano, sura chini, ili rangi ya vyumba isipauke. Mugongo juu. Nikaenda kwa magodoro.

Mvua ikapita. Dakika kumi tu. Nilikimbiza magodoro na karata, ubao nikausahau. Halafu jua likarudi kali, na yale mawe meusi yanachoma kama jiko.

Saa kumi niliugeuza. Umepinda kama kigae. Nikiuweka mezani unayumba. Vifuniko vinateleza, vinakimbilia pembeni.

Bauma aliutazama. Akaenda kulala, uso ukutani.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimeupakia mawe makubwa manne. Utanyooka tu.

Bila dama wote wanataka karata. Wamegombana. Mama Furaha wa kitanda cha sita aliitupa dame ya shupaza, yule malkia, uani. Nimeiokota, imekwaruzwa.

Bauma anatembea barazani, anakwenda na kurudi, macho kwa barabara ya Sake, ile inayopanda kwao.

Jumatatu, 10 Oktoba

Niliondoa mawe. Ubao uliruka ukarudi vilevile. Nikaongeza mawe mengine mawili, nikasikia ta! Ufa kwenye pembe, urefu wa kidole.

Nililia kwenye stoo ya mashuka. Ni tripleksi tu, mbao nyembamba za kugandishwa, mutu angesema. Mbusa alisema: choma, utapikia chai.

Ndugu ya Bauma alifika na habari. Ngombe mumoja amekufa, muke wake yuko peke yake na kazi yote. Bauma alisikiliza, kichwa chini.

Naogopa.

Jumanne, 11 Oktoba

Niandike yote leo, nisisahau.

Asubuhi nilikuta kitanda cha Bauma kimetandikwa vizuri. Muzigo wake haupo. Nilitoka nje. Sikujua hata nitamuambia nini. Niliketi uani na ule ubao, nikaanza kuukandamiza kwa goti. Hasira tu.

Akatokea nyuma ya jiko, muzigo begani, fimbo mukononi. Alikuwa amekwenda kumuaga mupishi. Angepita. Alisimama.

"Mama Katungu, unafanya nini?"

"Nanyoosha."

"Hapana. Unapiga. Muti haupigwi."

Akaweka muzigo chini. Akachukua ubao, akaupitishia dole mbele na nyuma. Ni mara ya kwanza kumusikia akisema maneno mengi hivyo. Alisema sura ya ubao imepakwa verni, ile ya kung'arisha mbao, mugongo hauna kitu. "Upande huu umevaa koti, ule uko uchi. Mvua ikija, mumoja anakunywa, mwenzake anakataa. Jua likija, aliyekunywa anakauka na kujikunja, anamuvuta mwenzake." Kwao vyombo vya maziwa ni vya muti. Wanavipaka siagi ndani na nje, sawasawa. Wanavikausha kivulini. Anayeweka chombo juani anatukanwa na mama mukwe.

Akaomba kitambaa na maji. Akakikamua hadi kikawa na unyevu tu, akakitandika upande ulioingia ndani. Tukaulaza mu stoo, kivulini, jiwe moja dogo juu yake. Si manne. Moja.

Niliuliza itachukua siku ngapi. Alisema mbili, labda tatu, na unataka kugeuzwa na kuguswa, kitambaa kikizidi maji tripleksi itafunguka majani kama kitabu.

Nikasema sijui kipimo. Nikasema nitauharibu tena.

Aliutazama muzigo wake. "Basi nitakaa siku tatu."

Kile kipimo ningejifunza kwa saa moja. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 14 Oktoba

Siku ya tatu. Ubao umeshuka sana. Bauma aliuweka mezani, akapiga pembe kwa kidole, akasema bado kidogo. Sikubisha. Alimeza dawa zake asubuhi, nilimuona.

Kambale anakuja mulangoni kila saa kuuliza hali ya mugonjwa. Mugonjwa ni ubao.

Mbusa alirudi na habari ya jua. Nilijibu. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilimuambia magodoro yaende juani, sawa, lakini karata na ubao vitapangushwa na kukaa kivulini penye upepo, na kila mutu atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kucheza, na mimi mwenyewe nitasimama na ndoo. Alinitazama muda murefu. Akageuka, akaondoka. Nilifikiri nimefukuzwa kazi.

Saa tisa alituma kopo. Verni iliyobaki walipopaka milango. Na burashi ndani yake. Ile ya muzuri!

Nilikuwa nimemufikiria vibaya mutu huyu miaka mitatu.

Jumatano, 19 Oktoba

Muzee Kambale ametapika damu. Nyingi. Wamemuhamisha kwenye chumba kidogo peke yake. Nimefua mashuka yake mara mbili, maji bado mekundu.

Bauma aliketi mbele ya ubao bila vifuniko. Kisha nikamuona anafunga muzigo tena. Wala hakujificha. Nilimufuata.

Nilimuambia kile sijawahi kumuambia mugonjwa. Mume wangu alilala mu jengo hili hili, kitanda cha pili dirishani. Alijisikia muzima, akatoka, nami nilimubebea koti. Nilifurahi siku ile. Baada ya miezi mine nilikuwa mujane. Ndiyo maana niliomba kazi hapa.

Aliketi kitandani. Halafu: "Mama, ubao ulikuwa tayari siku ya tatu."

"Najua."

"Nilijua unajua. Nilisema bado kwa sababu sikutaka kwenda. Na leo naogopa kubaki. Muzee yule ana dawa zote na anatapika damu."

Nilisema: yeye ana dawa, ndiyo maana yuko muzima bado. Wewe ukienda, hata ukitapika hutakuwa na wa kukufulia.

Alicheka kidogo. Alikohoa. Akafungua muzigo, akatoa blanketi, akalitandika.

Alhamisi, 20 Oktoba

Kambale yuko hai. Amekunywa uji.

Jumapili, 23 Oktoba

Bauma na mimi tumepaka verni mugongo wa ubao. Halafu sura. Halafu kingo zote nne, alisema maji yanapenda kuingia kwenye kingo. Ufa wa pembe ameujaza unga wa mbao na gundi. Unasimama wima kivulini, upepo unapita pande mbili. Mikono yangu inanuka verni. Nimefurahi kama binti.

Jumanne, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi kazini, nikakuta chumba kizima kimehamia barazani.

Kambale amerudi, mwembamba, amefungwa blanketi hadi masikio. Kila mutu alinawa. Ndoo tatu. Bauma alipanga vifuniko, hakuna hata kimoja kilichoteleza. Ubao umelala mezani kama maji ya ziwa asubuhi.

Kambale alishinda. Alisema Bauma amemuachia. Bauma alisema yeye haachii mutu kitu, hata mugonjwa. Wakagombana hadi saa ya sindano. Sijasikia ugomvi mutamu hivyo.

Jumatano, 16 Novemba

Hakuna kubwa. Mama Furaha ameshona mufuko wa karata kwa kipande cha kitenge, na kifungo. Hakuniambia, nimeukuta tu kwenye meza yangu. Amechora pia saba ya kopa mupya, moyo mumoja umekaa upande kidogo. Nimemukumbatia.

Jumatatu, 12 Desemba

Makohozi ya Bauma, mara ya tatu: hakuna vijidudu. Dokta ametia sahihi. Atamalizia vidonge kwao, dispansari ya karibu itamupa, kila mwezi aonyeshe karatasi yake.

Nilimusomea karatasi mwenyewe. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliniomba tena.

Kambale bado. Dokta anasema mwezi wa tatu labda. Kambale alitoka nje akageuza uso. Halafu akarudi akisema sasa atapata mupinzani anayejua kucheza.

Jumamosi, 17 Desemba

Muke wa Bauma alifika na lori la viazi. Mwanamuke mufupi, mikono ya kazi. Alimutazama mume wake kwanza shingo, halafu mashavu, halafu tumbo, kama mutu anayenunua. Akacheka akalia. Akaniuliza jina langu la utoto. Nikamuambia. Akasema binti atakayezaliwa nyumba ile ataitwa hivyo.

Bauma alipeana mikono na wote kumi na watano. Na Mbusa pia. Kwa Kambale alikaa muda. Sikusikia walichosema, na sikutaka kusikia.

Kwangu alisema, "Aksanti, Mama."

Nilisema, "Karatasi usiipoteze."

Ni hayo tu. Lori liliondoka.

Jumapili, 18 Desemba

Misa ya pili. Wakati wa maombi padri alituachia kimya kila mutu aseme la moyoni mwake. Kila Jumapili, tangu mume wangu afe, nina orodha ndefu. Leo nilitafuta sikuona la kuomba. Nilisema aksanti kwa majina: Bauma, Kambale, Furaha, Mbusa na verni yake. Nikanyamaza.

Muchana nimechemsha viazi vya Masisi alivyoniachia muke wa Bauma. Vinapasuka vyenyewe, vyeupe ndani. Nimekula vitatu na chumvi, mulango wazi.