Mlimao wa Sebuleni Katubuka

Katubuka, Kigoma
4 Agosti 2024

Mwanangu Diana,

Habari za huko Kalya? Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua asubuhi. Barua hii nampa Dismasi wa boti pale Kibirizi, maana huko kwako simu haishiki na mimi sina nguvu ya kupigia kelele hewa.

Mlimao wa marehemu mama yako unaumwa. Ule wa kwenye ndoo, aliouweka sebuleni dirishani ili mbuzi wa jirani wasiufikie. Majani yananata, halafu yanashika masizi kama sufuria ya kuni. Kwenye makwapa ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba.

Kaka yako Adolf anakuja Desemba kunihamishia Mwanza. Eti mzee aliyefiwa hawezi kukaa peke yake. Nimemwambia, ukija ukaukuta mlimao wa mama yenu umekufa, nitafunga begi bila neno. Ukiukuta hai, usinitajie Mwanza tena.

Sasa wewe ndiye bibi shamba wa serikali. Niambie la kufanya. Siendi Mwanza.

Baba yako

Kalya
15 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeshukuru kusikia u mzima. Hayo magoti yafunge kanga asubuhi, yapate joto. Mimi sijambo, ni vumbi tu la kiangazi.

Nikuambie ukweli: kwa habari ya Mwanza niko upande wa Adolf. Ulipougua homa mwezi wa sita ulishinda ndani bila mtu kujua, na sijalala vizuri tangu nisikie. Lakini mti ni wa mama, siwezi kukunyima dawa.

Hao weupe wanaitwa vidung'ata. Wanafyonza utomvu, na kinyesi chao ni kitamu, ndiyo maana majani yananata na masizi yanaota juu yake. Usipake mawese, najua ulishafikiria. Kwangua sabuni ya mche kidogo kwenye maji ya vuguvugu, chovya kitambaa, futa jani moja moja, hasa upande wa chini na makwapani. Kisha suuza kwa maji safi. Rudia kila wiki, maana mayai huanguliwa ukishageuza mgongo.

Mwanao,
Diana

Katubuka
22 Septemba 2024

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na kanga nimefunga, majirani wananicheka. Wewe u mzima?

Nimefuta kila Jumamosi baada ya chai mpaka vidole vimekuwa vya dobi. Wanaisha, wiki ikifika wamejaa tena. Majani yanadondoka. Sisimizi nao wamepanga foleni kwenye shina, wanapanda na kushuka kama wamelipia. Umenificha dawa nyingine? Au wewe na kaka yako mmekubaliana nishindwe? Nauliza tu.

Nina hasira, lakini sijaacha. Hata maji sijaunyima. Kila asubuhi naumwagia maji niliyooshea dagaa, kama mama yako alivyokuwa anamwagia migomba yake.

Baba yako

Kalya
30 Septemba 2024

Shikamoo Baba,

Pole na kazi, na pole na hasira. Sijapanga na mtu.

Baba, ni hayo maji ya dagaa. Migomba iko nje, ardhi inakunywa. Ndani ya ndoo yanaoza na kuita sisimizi. Sisimizi wakishaonja ule utamu wa vidung'ata, wanawachunga kama ng'ombe: wanawafukuzia maadui, wanawahamisha jani hadi jani. Ulikuwa unaua mifugo huku unamlisha mchungaji.

Acha dagaa kabisa. Toa udongo wa juu unaonuka, weka mwingine. Simamisha ndoo juu ya matofali katikati ya karai la maji, na tawi lisiguse pazia wala ukuta, sisimizi wakose pa kuvukia. Matawi yaliyojaa wadudu kata, uyachome nje. Utaona kama umeuua. Kata tu, na uendelee kufuta.

Nilianza kucheka barua yako, nikajikuta nalia. Mtu aliyechoka na nyumba yake hafuti majani kila Jumamosi. Sijui tena niko upande wa nani.

Mwanao,
Diana

Katubuka
27 Desemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Heri ya Noeli. Huku tu wazima, mvua inapiga bati. Usininunie kwa kimya, nilikuwa nasubiri nipate la kuandika.

Nilikata. Kikabaki kijiti na majani ya kuhesabu, nikalia mbele yake kama siku ya msiba. Kufuta sikuacha. Sisimizi walizunguka karai mpaka wakakata tamaa wao. Mwishoni mwa Novemba ukatoa machipukizi.

Adolf kafika juzi. Kauangalia, kasema, "Baba, huu ni nusu mti. Twende."

Nikamwambia, huu umeumwa, umekatwa, umebaki uchi, na dawa yake haikuwa kuhamishwa. Umeponea hapa hapa dirishani pake.

Baadaye namwona kachuchumaa, ananiuliza kitambaa kiko wapi. Alipofika jani la pili akaanza kulia, mtu mzima yule, anasema hajawahi kumlilia mama yake. Nikakaa chini pembeni yake, tukafuta wote.

Asubuhi hii kaenda stesheni. Alikuwa amekata tiketi mbili za kurudi. Moja kairudisha.

Baba yako