Ndoo na Kopo

Bwenini, 4 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kifundo cha mkono kimepunguza kuuma. Mimi ni mzima, na masomo yanakwenda vizuri ukiacha hesabu.

Baba, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ile Jumamosi uliponipa ndoo iliyofunikwa gunia ukasema, "Kamwage shimoni, wala usifunue," nilifunua. Nilikuwa darasa la sita. Ndani mlikuwa na ndama ambaye hajazaliwa. Hakuwa na manyoya, macho yake yalikuwa yamefumba, na kwato zilikuwa laini na nyeupe kama kipande cha sabuni. Nilimwaga, nikasuuza ndoo, nikairudisha. Ukaniuliza mbona nimechelewa, nikasema kulikuwa na nyuki njiani.

Tangu siku ile kila nikitafuna nyama naziona zile kwato. Nyumbani nilikuwa nameza bila kutafuna, ndiyo maana nililalamika tumbo kila mara. Huku shuleni sina wa kumficha, na muhula huu nimeacha kabisa. Nimesoma maktaba kwamba maharage, dengu na njugu vinatosha kujenga mwili, kwa hiyo usihofu.

Najua tangu mama atutoke unanitumia kopo la nyama kavu kila dereva wa basi anapopita huku, na najua unaikaanga mwenyewe baada ya kufunga duka. Naomba usitume tena. Nimeona ni afadhali niseme ukweli kuliko kuendelea kumpa jirani yangu wa kitanda, anayekushukuru sana.

Mwanao


Dukani, 12 Februari

Kwako Wakili wa Ng'ombe,

Marahaba. Mimi mzima. Mkono unauma, na asante kwa kuuliza kabla ya kunitukana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama. Nimejiuliza huyu aliyeandika ni mtoto niliyemlea au ni mkaguzi wa afya. Ndoo ile nilikwambia usifunue. Hilo ndilo la kwanza. La pili, yule ng'ombe niliuziwa na mtu aliyeniapia macho makavu kwamba hana mimba. Ulitaka nifanye nini, nimrudishie pumzi?

Miaka yote umekula, umenenepa, umeota na mapembe. Mimi mapembe nayashika kila siku, hayanitishi. Unasema nyama inakuletea kwato. Je, viatu ulivyovaa vinakuletea nini? Ni ngozi hiyo. Mkanda wa sketi, ngozi. Chai ya maziwa unayokunywa kila asubuhi, unadhani ndama wa maziwa yale alipelekwa wapi, chuo kikuu?

Sema tu ukweli. Wenzako baba zao wanafunga tai, wako anafunga aproni yenye damu. Umekwenda huko umeonja harufu ya karatasi, sasa harufu ya bucha inakukera. Usimsingizie ndama.

Kopo hilo hapo nimemkabidhi dereva. Lina nyama. Kula.

Babako


Bwenini, 23 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya.

Kuhusu maziwa, una haki. Sikuwa nimefikiria. Nimeacha maziwa pia tangu nilipopata barua yako, kwa hiyo nakushukuru kwa kunikosoa. Viatu vya ngozi nimempa jirani yangu wa kitanda na yeye amenipa raba zake za turubai. Zinanibana vidole, lakini hazijawahi kupumua.

Sikuandika ili kukutukana. Niliandika kwa sababu nilikuamini. Wewe umechukua kitu nilichokificha tangu darasa la sita ukakifanyia mzaha. Ungeniuliza hata swali moja. Hukuuliza nililala vipi usiku ule.

Na si kweli kwamba naona aibu. Darasani wananiita Binti Bucha. Wakinuna wanaziba pua nikipita, wakicheka wananiuliza kama mimi nauzwa na mifupa au bila mifupa. Sijawahi kulia mbele yao, na sijawahi kukwambia, kwa sababu nilijua ungeumia. Sasa nakwambia, maana naona huumii kirahisi.

Nyama uliyoituma nimeigawa. Tena likizo ikifika sitasimama dukani. Nitapika, nitafagia, nitafua, lakini kaunta sikai.

Mwanao


Dukani, 9 Machi

Wakili,

Salamu baadaye.

Daktari amesema kifundo hiki kimelika, miaka ya kushika shoka si mchezo, lazima wakipasue. Nitafungwa bandeji na sitashika kisu mpaka kipone. Kukata atanikatia mtu, wapo. Ninayemtaka ni wa kukaa kwenye mizani na droo ya pesa, mtu ambaye ni damu yangu. Nilikuwa nimeshawaambia wateja kwamba mwanangu anakuja. Hungegusa nyama hata kwa kidole.

Wewe kabla hata hujaulizwa umeshakataa.

Basi nisikilize vizuri. Nyumba hii tuko wawili tu. Mezani pangu tutakaa wawili na tutakula sufuria moja. Sipiki sufuria ya binadamu na sufuria ya malaika. Ukija likizo, utakaa kwenye mizani na utakula kinacholiwa. Ukiona huwezi, shangazi yako ana chumba, nenda ukamhubirie yeye.

Kopo nimetuma kama kawaida. Sibadilishi mwendo kwa sababu mtoto kasoma kitabu.

Babako


Bwenini, 16 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mkono.

Nitakwenda kwa shangazi. Nimeshamwandikia, amekubali, na ameniambia kwake maharage ni kila siku, si kwa kupenda.

Unasema sufuria moja. Maana yake ni sufuria yako. Ukisema "tutakula" unamaanisha wewe umeamua na mimi nitafune. Hata ng'ombe huwapangii hivyo, wao angalau unawaacha wachague majani.

Ulitaka niseme ukweli, basi nausema. Wiki hii mwalimu alitupa karatasi za kujaza kazi za wazazi. Niliandika "mfanyabiashara." Ulikuwa umeshinda tangu barua yako ya kwanza. Sikuwa naona aibu, ila umenipandia neno hilo hadi limeota mizizi. Ndiyo, naona aibu. Siyo kwa sababu ya damu kwenye aproni. Naona aibu kwamba mtu anaweza kumwona mwanae hataki kitu, akakifunga kwa uzi na kukituma tena, na tena, akaita hayo mapenzi.

Kopo nimempa mlinzi wa geti pamoja na kila kilichomo. Atanirudishia tupu nikupelekee na dereva, maana najua kopo lenyewe lilikuwa la mama.

Mwanao


Bwenini, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Sikupata barua yoyote kutoka kwako. Jana dereva wa basi aliniletea kopo peke yake, limefungwa uzi wako wa dukani, fundo lako lile lile la kufungia nyama ya kuoka, bila hata kikaratasi. Nikamwuliza, "Hakusema kitu?" Akasema, "Amesema mpe." Basi.

Nimefikiri labda ungetafuta neno moja. Umetuma nyama badala ya neno.

Safari hii sikumpa mtu. Nalirudisha kama lilivyokuja. Sijaugusa uzi. Tafadhali usilitume tena.

Tunafunga shule Ijumaa ya wiki ijayo. Nitapitia njia ya kwa shangazi, sitapita nyumbani.

Mwanao


Dukani, 7 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika si mimi, ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Mimi mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Walinipasua tarehe ishirini na tano. Fundi ameapa kuandika ninachosema na si anachotaka yeye.

Kopo limefika. Fundo nimelitazama. Ni lile lile, hukulegeza hata kidogo. Nalijua kwa sababu halikufungwa vizuri. Nililifunga kwa mkono wa kushoto na meno.

Ndani hamna nyama. Mna njugu.

Nilikwenda mwenyewe sokoni kuzinunua. Muuzaji akacheka, akaniuliza leo bucha imefilisika? Nikamwambia funga mdomo, pima. Sufuria ya nyumbani ina harufu ya mafuta ya ng'ombe hata uisugue vipi, nikanunua nyingine. Ndogo. Kopo nimelichemsha kwa majivu na maji mpaka fundi akaja kuuliza napika nini. Zimeungua kidogo upande mmoja kwa sababu kukoroga kwa kushoto sijazoea.

Sikuandika kwa sababu mkono wa kuandikia ndio huu. Kumwita fundi nikaona haya kumweleza mtu mwingine mambo yetu. Nilidhani utalifungua. Mtu akiletewa kopo hulifungua.

Siku ile ya ndoo nilikwambia usifunue, ukafunua. Safari hii nilitaka ufunue, hukufunua. Sijui wewe nikufanyeje.

Umeandika kwamba sikuuliza ulilala vipi. Ni kweli sikuuliza. Mimi usiku ule sikulala. Nilijua ni ndama kabla sijaweka kwenye ndoo, na nilikupa wewe ukamwage kwa sababu mimi sikuweza kwenda nayo shimoni. Nilikufunikia gunia nikadhani imetosha. Tangu siku hiyo kila ng'ombe jike nampapasa tumbo mwenyewe kabla ya kulipa, na ninagombana na wenye mifugo mpaka wananiita mkunga. Sikukwambia kwa sababu nilidhani hujui kitu.

Lakini usidhani nimegeuka. Nyama nitauza mpaka nizikwe. Ni kazi, na ndiyo iliyokuvika hizo raba zinazokubana. Na neno la aibu uliloandika nimelisikia. Sitalijibu.

Duka nimelifunga mpaka mkono upone, kwa hiyo hakuna wa kukusumbua na mizani. Nenda kwa shangazi yako kama ulivyopanga. Kopo liko rafu ya juu.

Babako

Mimi fundi naongeza, hakuniambia niandike: anakula kwangu siku hizi, na kila akikaa mezani ananiuliza kama maharage yanaweza kupikwa yakawa na ladha.


Dukani, 13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini kliniki hakuna foleni kubwa. Fundi amesema umekwenda kubadilishwa bandeji na utarudi kwa miguu, kwa sababu umegoma kulipa nauli ya kituo kimoja.

Nakuandikia wakati niko ndani ya duka lako, kwa sababu uso kwa uso maneno yananikwama, unanijua. Barua hii naiacha juu ya mizani.

Basi la kwa shangazi lilipofika njia panda nilishuka, nikapanda la huku. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema wa muuza nyama wa mwisho wa barabara. Akasema, "Yule anayebishana na kila mtu?" Nikasema ndiyo, huyo huyo. Karatasi ya shule nitaibadilisha tukifungua, nikiomba fomu nyingine kwa mwalimu. Lile neno siwezi kulifuta kwako, liko kwa mwandiko wangu.

Bado nina hasira, usinielewe vibaya. Nyama sili, wala sitakula kwa ajili ya kukupendeza, na kaunta siku ikiwa na nyama sikai. Tutatumia sufuria zetu mbili, kubwa na ndogo, na zote nitaziosha mimi. Ukikataa nitajua umekataa, na nitakwenda kwa shangazi kesho.

Fundi alinipa funguo. Nilifungua madirisha kwanza. Nilikwangua gogo la kukatia, nikalimwagia chumvi na maji ya moto kama ulivyonifundisha, nikasugua mizani mpaka sahani zake zikatoa mwanga. Mteja mmoja alichungulia akauliza kama nyama ipo. Nikasema haipo, mwenyewe anaumwa mkono. Akauliza, "Wewe ndiye usiyekula?" Nikasema ndimi. Akasema, "Anatusumbua sana na habari zako," akaenda zake.

Kisha nikashusha kopo. Visu vyako vyote vilikuwa vimening'inia pale, lakini sikukata uzi. Nililifungua fundo kwa kucha. Lilichukua muda, meno yako yana nguvu. Nikakaa kwenye kigoda chako nikala njugu. Zimeungua upande mmoja, na chumvi umezidisha.

Sikuzimaliza. Nimebakiza konzi moja ya kwako, nikalifunga kopo tena kwa uzi ule ule. Fundo langu si zuri. Lifungue.

Nipo nyuma, nafua aproni zako.

Mwanao